Kozi ya siku nne ya usalama kazini kwa karakana za kambi, Mwanza: inafaa, ila isome kwanza fomu yao

Kozi hii inauzwa kwa vikosi, karakana za boti na taasisi zenye magari mengi upande huu wa ziwa. Ni ya siku nne, watu 20 kwa kundi, wakufunzi wawili, na sanduku la vifaa linalobaki kwa mteja. Wakufunzi wanakuja kambini. Hakuna haja ya kusafirisha askari kwenda hotelini mjini kunywa soda. Jina la kampuni tunaliweka kando, kwa sababu ofa za aina hii zinafanana karibu zote na kasoro zake ni zilezile.

Kwa ufupi: siku ya pili na ya tatu zina thamani ya hela yake. Ya kwanza ingeweza kukatwa nusu na asiwepo wa kulalamika. Ya nne ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye profoma, yaani karatasi yao ya bei, "Kujenga Utamaduni wa Usalama", na ndiyo yenye kasoro kubwa kuliko zote. Bahati nzuri, kasoro hiyo inarekebishika bila kununua chochote.

Siku ya kwanza ni slaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003, kazi za OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), alama za hatari na rangi zake, halafu ngazi za udhibiti: ondoa hatari, badilisha kitu au njia, weka kizuizi cha kihandisi, panga utaratibu, na mwisho kabisa vaa vifaa vya kinga. Ngazi zimeandikwa sawasawa ubaoni. Tatizo ni kwamba vifaa vya kinga vinachukua karibu saa zote za mchana, na ngazi nyingine nne zinapitiwa kama vituo ambavyo daladala haisimami. Kampuni inauza pia helmeti na buti, basi si ajabu. Mkuu wa karakana akipenda, aombe siku hii iishie saa sita mchana na muda uliobaki uhamie siku ya pili.

Siku ya pili inafanyika karakanani, na hapo kozi inakuwa kozi. Wanaanza na jenereta, uchaguzi mzuri sana. Jenereta ya kambi siku hizi ina swichi inayojihamisha yenyewe, mafundi wanaiita ATS. Umeme wa TANESCO ukikatika, sekunde chache baadaye injini inawaka bila kuuliza nani kaingiza mkono kwenye mkanda wa feni. Kwa hiyo injini iliyonyamaza si injini iliyozimwa. Mkufunzi anampitisha kila fundi kwenye mlolongo mmoja, na anataka aufanye kwa mkono, si kuusoma kwa sauti. Wajulishe wanaotumia umeme. Geuza swichi ya kuchagulia kwenye OFF. Bonyeza kitufe chekundu cha dharura. Fungua teminali hasi ya betri kabla ya chanya, uifunike isijirudie yenyewe kwenye nguzo. Kata chaja ya betri, kwa sababu hiyo inalishwa na TANESCO hata jenereta ikiwa imelala. Shusha breka ya jenereta na uitie kufuli. Kisha jaribu kuwasha. Ikikataa, rudisha swichi kwenye OFF ndipo ufungue kava.

Kuna jambo moja wanalisahau: ndani ya kabati la ATS, upande wa TANESCO bado una umeme hata baada ya hatua zote hizo. Fundi anayefungua kabati lenyewe anahitaji swichi kuu ya jengo ikatwe na kufungwa kwa kufuli pia, halafu apime kwa mita. Na mita ipimwe kwanza mahali penye umeme kuhakikisha ni nzima, kisha kwenye kazi, kisha irudishwe tena penye umeme. Mita iliyokufa husoma sifuri popote.

Kuhusu kufuli, kanuni yao ni mtu mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo ukae mfukoni mwa mwenye mwili ulio hatarini. Sandukuni kuna kibano cha chuma chenye matundu sita: watu wanne wakiingia kazini, kufuli nne zinaning'inia, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe yake. Hapa kozi inagongana na desturi ya kambi, maana kijeshi ufunguo huishi kwa mwenye zamu. Sajini anataka funguo zote kwenye ubao wake, na kwa mambo ya stoo na ghala yuko sahihi. Kwa kazi ya matengenezo hayuko sahihi. Suluhisho wanalofundisha ni zuri: ufunguo wa akiba ukae kwa mkuu wa karakana ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, na usitumike mpaka mambo matatu yathibitishwe. Mwenye kufuli hayupo eneo la kazi. Mashine imekaguliwa na hakuna mtu wala spana ndani yake. Na mwenyewe atajulishwa kabla hajarudi zamu. La tatu ndilo hurukwa, na ndilo linaloua: mtu anarudi asubuhi akiamini kufuli yake ipo pale alipoiacha.

Baada ya jenereta ni jeki. Mwanza ni mji wa miteremko na mawe, uwanja ulionyooka ni wa kutafuta, kwa hiyo kabari za magurudumu si pambo. Ziwekwe pande zote mbili za gurudumu linalobaki chini, si upande wa mteremko tu, kwa sababu gari likinyanyuliwa linaweza kuvuta kuelekea upande usioutegemea. Kwenye murram iliyolowa jeki inazama, basi chini yake liwekwe bamba nene la chuma au ubao wa mti mgumu. Tofali halifai, linapasuka bila taarifa. Jeki ya mafuta ni ya kunyanyulia tu. Sili yake ikichoka inashuka, wakati mwingine polepole, wakati mwingine kwa mkupuo mmoja. Kinachobeba ni stendi. Stendi zikishakaa, tikisa gari kwa nguvu kabla hujalala chini yake. Likiwa la kuanguka, bora lianguke hapo.

Malalamiko yetu: stendi zilizomo sandukuni ni jozi ya tani 3. Kwa pikapu zinatosha. Kwa lori la kijeshi ni za kupiga nazo picha, hasa ukizingatia kwamba viwanda vingi huandika uzito unaobebwa na jozi, si na stendi moja. Uliza uzito wa ekseli, si wa gari zima, kisha nunua stendi zenye namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba ya kwenye karatasi ya kubandika haihesabiki.

Matairi wanayapa saa moja. Yangestahili tatu. Malori mengi ya zamani ya jeshi yana rimu za vipande, zenye ringi ya pembeni inayoshika tairi lisitoke. Ringi ikikaa vibaya au ikiwa imeliwa na kutu, upepo unapofika psi 80 au 100 inaruka kama kifuniko cha sufuria ya presha, na kilicho mbele yake hakiponi. Utaratibu ni huu. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati hata moja, na kama magurudumu ni pacha, toa upepo wa yote mawili. Usibonyeze valvu tu, ing'oe, kisha pitisha waya kwenye tundu kuhakikisha halijazibwa na tope. Vipande vya rimu moja visichanganywe na vya nyingine hata kama vinaonekana kutoshana. Kujaza kufanyike ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kibano kinachojishika chenyewe kwenye valvu na geji iliyo mbali, fundi akisimama ubavuni mwa tairi, kamwe si mbele yake. Ringi isiyokaa vizuri haigongwi nyundo ikiwa na upepo. Toa upepo wote, anza upya. Na tairi lililotembea likiwa limepungukiwa upepo kwa asilimia 20 au zaidi lisijazwe likiwa garini: livuliwe, likaguliwe nyuzi za ubavuni.

Kizimba chenyewe kozi inakionyesha kwenye picha. Hakimo kwenye bei wala kwenye orodha ya vitu vya kununua baadaye. Kwa kikosi chenye malori hicho kilipaswa kuwa kitu cha kwanza, kabla ya riflekta 20 za njano.

Siku ya tatu asubuhi ni moto. Zoezi linafanyika uwanjani, trei ya chuma, dizeli na petroli kidogo, kila mtu anazima mara moja. Wanafundisha kukaribia na upepo mgongoni, kuanza mita tatu hivi kutoka kwenye moto, na kufagia chini kwenye shina la moto badala ya kurusha unga kwenye ndimi. Karibu na ufukwe mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo mgongo uelekee ziwa, usiku hugeuka. Mtungi wa kilo 6 unamwaga unga kwa sekunde 15 hivi tu, na askari waliofundishwa kusonga mbele bila kurudi nyuma humaliza unga wote katika hatua nne za kwanza. Mkufunzi aliliona hilo na kulirekebisha papo hapo. Pongezi.

Ukaguzi wa mitungi umefundishwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Mshale wa geji kwenye kijani unaeleza presha ya gesi peke yake. Unga unaweza kuwa umeganda kama sembe iliyopigwa na unyevu, hasa kwenye mtungi unaosafiri nyuma ya lori na kusindiliwa na mitikisiko ya barabara. Kila mwezi mtungi upinduliwe kichwa chini na usikilizwe: unga mzima unatiririka, ulioganda unaanguka kwa kishindo kimoja au hauanguki. Mtungi wa CO2 hauna geji kabisa, unapimwa kwa mizani. Ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi iliyoandikwa, unarudi kujazwa. Na kibandiko kipya cha "umekaguliwa" hakithibitishi kwamba mtungi ulifunguliwa. Kabla ya kuupeleka mtungi dukani, andika uzito wake na weka alama ya siri kwenye uzi wa pini. Ukirudi na alama ileile, pini haikuguswa.

Walipoharibu ni kwenye kuchomelea mapipa na matangi. Slaidi inasema "safisha kwa maji na sabuni". Haitoshi, na ni ushauri unaoweza kulipua mtu. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, kwa hiyo pipa "tupu" lenye mabaki kwenye mikunjo ya mshono ni baya kuliko lililojaa. Pipa la dizeli nalo si salama. Moto wa welding ndio unaotengeneza mvuke ambao haukuwepo. Jibu la kwanza ni kutochomelea: pipa libadilishwe. Kama ni tangi lisilo na mbadala, litolewe kwenye gari, lioshwe kwa mvuke wa maji au maji ya moto mpaka harufu na mabaki yaishe, lijazwe maji hadi karibu na sehemu ya kazi, matundu ya hewa yaachwe wazi, na lipimwe kwa kipima gesi kabla ya kuanza na kila linapoachwa kisha kurudiwa. Mtu mmoja abaki na mtungi wa kuzimia moto angalau nusu saa baada ya kazi kwisha. Kipima gesi hakimo sandukuni. Pesa ya vibao 30 vya "Usalama Kwanza" ingepunguza sehemu ya bei yake.

Kwenye gesi za kukatia wako sawa: mitungi isimame wima na ifungwe mnyororo, asetilini isizidishwe bar 1, vizuizi vya moto kurudi nyuma viwekwe pande zote mbili, oksijeni isikaribiane na grisi wala kitambaa cha mafuta. Stoo ya oksijeni na ya asetilini zitengwe mita 6, au ukuta usioshika moto wenye kimo cha mita moja na nusu.

Mchana wa siku ya tatu ni ziwa, na wenye boti wasiukose. Ziwa hili halina haja ya mifano ya kuazima. MV Bukoba ilipinduka 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa. Kozi inaonyesha picha na kuendelea mbele, ilhali somo la kambi lilikuwa pale mlangoni pa chombo: nani anahesabu watu na mizigo, na ana uwezo wa kumkatalia nani? Koplo wa boti anayehesabu lakini hawezi kumwambia ofisa "boti imejaa, afande" anaandika kumbukumbu tu.

Jaketi okozi zinaelezwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu, ipasavyo. Nyutoni 50 ni za msaada kwa mtu anayejua kuogelea karibu na ufukwe. Nyutoni 100 ni za maji yaliyotulia. 150 ni za maji ya wazi, na 275 ni za mtu mwenye mzigo mzito mwilini. Askari aliyevaa buti na mkanda wa vifaa hafai kupewa ya 100 ya rangi ya chungwa iliyojaa kwenye mialo yetu. Hata ikimwelesha, huenda isimgeuze uso juu akizimia. Jaketi za kujaza kwa gesi zina kasoro zake. Kichupa cha CO2, kwa kawaida gramu 33 kwa nyutoni 150, kinafunguka kidogo kidogo kwa mtikisiko, kwa hiyo kikazwe kwa mkono kila safari na kipimwe kwenye mizani ndogo. Kidonge kinachoyeyuka majini ili jaketi lijijaze lenyewe kina tarehe ya mwisho. Mara moja kwa mwaka jaketi lijazwe kwa mdomo, liachwe usiku kucha, na likilegea asubuhi litoke kazini. Mkanda wa kupita mapajani ufungwe. Usipofungwa, jaketi linapanda mpaka masikioni na mtu anabaki chini yake.

Magugu maji yakizonga propela, kuna mtu ataruka kuyang'oa injini ikiwa kwenye "nyutro". Hapa kanuni ya kufuli ya siku ya pili ilipaswa kurudi, na haikurudi. Kamba ya kuzimia injini inavuliwa na anaivaa yule anayeingia majini, funguo anazo yeye, injini inanyanyuliwa, ndipo mkono unaenda kwenye propela. Kadhalika hakuna hata neno moja kuhusu kichocho. Mwambao wa Mwanza una kichocho, na wahudumu wa boti hukanyaga maji ya kina kifupi kila siku wakisukuma na kupokea vyombo. Gati dogo la mbao linapunguza kukanyaga maji kuliko bango lolote. Buti ndefu za mpira zinafuata. Kisha ratiba ya kupimwa na kumeza praziquantel kwa maelekezo ya zahanati ya kikosi. Kozi inayolenga ziwa hili na kukisahau kichocho iliandikwa kwingine.

Masikio: dakika ishirini, zinatosha. Kikomo cha kelele kwa kazi ya muda wa saa nane ni desibeli 85, kila ongezeko la 3 linakata muda nusu, na mlio wa bunduki unavuka 140 kwa kilele chake. Sponji ya kuziba sikio izungushwe iwe nyembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ishikiliwe kwa kidole nusu dakika. Sponji iliyobaki nje kama kizibo cha chupa haikingi chochote.

Risasi na milipuko kozi imeziacha, na imefanya vyema. Milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, 16 Februari 2011, inatosha kuonyesha kwamba maghala hayo ni ya wataalamu wake. Kitu kimoja cha kihesabu kila mkuu anaweza kukibeba: umbali salama unakwenda kwa kipeuo cha tatu cha uzito wa baruti. Ukipunguza shehena hadi moja ya nane, umbali unaohitajika unabaki nusu. Nyumba za raia zikisogea hadi nusu ya umbali, hesabu hiyohiyo inasema ghala libaki na moja ya nane.

Sasa siku ya nne.

Wanaanza na piramidi ya 1931 ya Heinrich, Mmarekani aliyechunguza ajali za kazini: ajali moja kubwa, 29 ndogo, 300 zisizo na majeraha. Wanaifundisha kama kanuni ya maumbile. Siyo. Ukipunguza mikwaruzo ya vidole karakanani hujapunguza uwezekano wa tangi kulipuka, maana vyanzo ni tofauti. Kinachofaa kubaki na askari ni kwamba nusura, lile tukio la "nusura limwangukie", ni taarifa ya bure, na kambi inayozipata nyingi inajua zaidi kuliko kambi isiyozipata.

Kisha wanagawa fomu ya kuripoti nusura, na hapo ndipo pa kusimama. Fomu ni kurasa mbili. Inadai jina, namba ya jeshi, jina la "mhusika wa kosa", na sahihi ya mkuu wa seksheni kabla haijapanda juu. Isome kwa macho ya private wa miaka 21. Anaombwa aandike kwamba mkubwa wake aliweka gari juu ya jeki bila stendi, kisha ampelekee mkubwa huyohuyo aisaini. Fomu hiyo itabaki nyeupe, na mwisho wa mwezi takwimu zitasoma sifuri, na sifuri itapigiwa makofi. Ubao wa getini wa "siku kadhaa bila ajali", nao umo sandukuni, unaongeza chumvi: hakuna anayetaka kuwa aliyeirudisha namba kwenye moja, kwa hiyo kidole kilichokatika kinafungwa kitambaa na kuitwa mchubuko.

Ndege ya Nimrod XV230 ya jeshi la anga la Uingereza iliwaka moto angani Afghanistan 2 Septemba 2006, watu 14 wakafa. Ripoti ya Oktoba 2009 ya Charles Haddon-Cave, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi, ilikuta kwamba makaratasi ya usalama ya ndege ile yalikuwepo. Yalijazwa na watu walioamini kwamba ndege iliyoruka miaka 30 bila shida lazima iwe salama. Ripoti ililaumu uongozi, utamaduni na vipaumbele. Mkufunzi angeisimulia hiyo badala ya piramidi, asingeigawa fomu yake.

Rekebisho ni nusu karatasi yenye maswali matatu: umeona nini, wapi, unadhani kifanyike nini. Jina ni hiari. Sanduku liwe mahali pasipoonekana kutoka ofisini. Karibu na jiko panafaa, kila mtu hupita. Funguo zikae kwa ofisa asiye wa karakana. Na jibu libandikwe ubaoni ndani ya siku 7, hata kama jibu ni "hatuna fedha mpaka robo ijayo, kwa sasa mashine imefungwa". Ripoti isiyojibiwa ni ya mwisho kuletwa na mtu huyo. Mkuu wa kikosi naye atangulize maandishi ya kipi kitaadhibiwa na kipi hakitaadhibiwa: kukosea kwa bahati mbaya hapana, kuvunja utaratibu kwa makusudi ndiyo, na kwa kilicho katikati aseme nani ataamua. Bila hayo, nidhamu ya kijeshi itaingia kwenye sanduku hilo na kulifunga.

Zoezi la kusitisha kazi ni zuri nusu. Askari wa chini anatakiwa kumsimamisha mkubwa anayetaka gari liwashwe huku mtu yuko chini. Kwa heshima zetu anaanza, "Samahani afande, naomba kuuliza kidogo, afande..." na injini imeshawaka. Wakufunzi wanacheka na kusema ajiamini. Kujiamini hakufundishwi kwa kuambiwa. Na jibu tayari lipo kambini: kwenye uwanja wa shabaha, katika majeshi mengi, yeyote anayeona hatari anapaza sauti kusitisha, na risasi zinanyamaza kabla cheo chake hakijajulikana. Hakuna anayeliona hilo kuwa utovu wa nidhamu. Lihamishwe karakanani na kwenye gati kama lilivyo, neno moja bila salamu: "Sitisha!" Na upande wa pili ufundishwe zaidi ya huu, kwa sababu ndio unaoamua kama neno litatamkwa tena. Mkubwa ana jibu moja tu: "Imesitishwa. Umeona nini?" Ikibainika hakukuwa na hatari, anasema "Asante, endeleeni". Zoezi lifanywe mara kumi, na mara tatu askari awe amekosea, ili maofisa wazoee kushukuru kwa kengele ya uongo.

Jedwali la kupima hatari tulilipita haraka, linajulikana. Ila mstari wa sahihi uongezwe chini yake. Jeshi la nchi kavu la Marekani linafuata hatua tano (tambua, pima, weka udhibiti na uamue, tekeleza, simamia na tathmini), na uzito wa mfumo huo uko kwenye swali la nani ana cheo cha kutosha kukubali hatari iliyobaki. Fundi asiachiwe kukubali hatari kubwa kwa niaba ya kikosi kwa sababu tu yeye ndiye aliyeshika spana.

Kwa anayetaka kusaini: omba profoma itenganishe mafunzo na vifaa, kisha kata vibao, ubao wa siku na riflekta za ziada, uweke kipima gesi, stendi za uzito wa ekseli zako na mpira wa upepo wenye geji ya mbali. Kufuli, vibano na tagi zao ni nzuri, zichukue. Sanduku la huduma ya kwanza halina mkanda wa kukaza mguu au mkono ili kuzuia damu, iongezwe miwili. Kundi lichanganye vyeo, na maofisa wasije kufungua na kufunga tu.

Wanaahidi ukaguzi wa kushtukiza baada ya siku 90. Kambini hakuna mgeni wa kushtukiza, mlinzi wa getini atapiga simu kabla gari halijaegeshwa. Badala yake bakiza sehemu ya malipo, waje siku inayojulikana, na wapewe vitu viwili: jenereta yenye kufuli, waulize ufunguo uko mfukoni mwa nani, na sanduku la nusura, wahesabu karatasi zilizoingia na majibu yaliyobandikwa.